Digrii Kumi na Moja kwa Saa

Bwenini, 6 Januari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwa sauti ili mwenzangu wa chumbani asikie ulivyogombana na msimamizi wa jengo lenu juu ya mkeka wa mlangoni. Alicheka hadi akakohoa. Anauliza kama watu wote wa huko hugombana kwa adabu namna hiyo.

Uliniambia kwamba Baba akikueleza masomo yangu, mwisho wa maelezo unakuwa umemjua Baba zaidi na fizikia vilevile kama mwanzo. Basi acha nikueleze mwenyewe.

Mwisho wa mwaka huu wa pili jopo la idara litakaa na kuamua nani aendelee na fizikia mwaka wa tatu na nani ahamishiwe kwingine. Tunafanya kazi wawili wawili. Kila jozi inatakiwa ionyeshe jaribio moja iliyolijenga kwa mikono yake. Asiye na jaribio hana nafasi, hata kama mitihani yake imenyooka. Baba ameshaulizia nafasi kwenye uhasibu. Anasema ni tahadhari tu, kama mtu anayebeba mwavuli. Lakini mwavuli wenyewe ameshaufungua, na tuko ndani ya nyumba.

Mwenzangu ni kijana ambaye kila mtu, hata wahadhiri, anamwita Mrefu. Tumechagua pendulamu. Ukifunga kitu kizito kwenye waya mrefu, ukakiachia kibembee, kitakwenda na kurudi kwenye mstari uleule. Hakina sababu ya kuuacha. Lakini sakafu iliyo chini yake inazunguka, kwa sababu dunia inazunguka, na sisi tumesimama juu ya sakafu. Kwa hiyo tukikaa pale tukaangalia, tutaona ule mstari unageuka taratibu. Kumbe tunaogeuka ni sisi.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilishika meza, Babu. Tangu shule ya msingi nimejua kwamba dunia inazunguka, jinsi ninavyojua namba ya nyumba yetu. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa kwenye ngazi akaiona.

Tutaitundika kwenye maktaba ya zamani. Ina ghorofa tano, na katikati ya ngazi pana uwazi kutoka darini hadi chini. Kule juu ipo ndoano iliyowahi kushika feni. Mwalimu wa michezo ametuazima tufe la kurusha, kwa sharti tusilitoboe, kwa hiyo fundi viatu wa getini amelishonea mfuko wa ngozi. Amesema hajawahi kulivisha viatu jiwe.

Niombee.

Mjukuu wako


22 Januari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimekaa dirishani na barua yako mpaka chai imepoa. Nje kumeganda. Watu wanatembea kama wamebeba mayai.

Nina swali la mtu ambaye hakusoma sayansi. Tufe linajuaje? Waya umefungwa darini, dari ni ya jengo, na jengo limesimama juu ya dunia. Kila kitu kinakwenda na dunia, hadi mimi na kikombe changu. Nani amelipatia tufe ruhusa ya kubaki? Usinijibu haraka. Nalipenda hili swali, na nataka nikae nalo kidogo.

Nimefurahi kwamba unaandika kwa mkono. Tangu tulipotawanyika, sisi wa rika langu, nimewaandikia wa nyumbani kila mwezi, na kila barua nimesema niko karibu tu. Baba yako alipokuwa mdogo aliuliza karibu ni wapi. Nikamwandikia kwamba ni kama chumba cha pili. Maneno kama hayo mtu humwambia mtoto, halafu huyazoea mwenyewe.

Sasa sikia uhuni wangu. Kiwanda cha chapa nilichokuwa nikisahihishia prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, kilipoachana na herufi za madini ya risasi, walizitupa kwa ndoo. Mimi nilibeba nusu ndoo nyumbani. Marehemu bibi yako, aliponifuata huku, aliishi nazo chini ya kitanda na hakunisamehe. Juzi nimezijaza kwenye kopo la rangi, nikamimina saruji juu. Ni zito kiasi kwamba jirani wa ghorofa ya tatu, mama mmoja mjane mwenye mabega mazuri, ndiye aliyenisaidia kulibeba. Waya nimenunua kwa muuza vyuma.

Msimamizi alitukuta ngazini.

“Mzee, kanuni zinakataza kuning'iniza nguo hapa.”

“Hii si nguo.”

“Ni nini?”

“Ni kipimo cha mzunguko wa dunia.”

Akalitazama kopo, akafikiri. “Litadondosha maji?”

“Hapana.”

“Basi Jumapili tu.”

Babu yako


8 Februari

Babu,

Shikamoo. Tumeiona.

Nilitaka kuanza na habari za kila mtu kama ulivyonifundisha, nimeshindwa. Tumeiona, Babu. Tulichora mstari wa chaki sakafuni, Mrefu akalivuta tufe hadi ukutani, akaliachia. Likaenda, likarudi. Waya ni mrefu mno, kwa hiyo tufe halina haraka. Likifika mwisho unavuta pumzi, likirudi unaitoa. Mwanzoni lilipita juu ya chaki. Baadaye lilipita pembeni ya chaki. Hakuna aliyeligusa, milango yote ilikuwa imefungwa, hata upepo haukuwepo. Mwisho wa saa tulichora mstari wa pili, tukaweka kipimapembe katikati. Digrii kumi na moja, kufuata mwendo wa mishale ya saa.

Tulifungua kitabu. Mfano wa kitabuni ni kumi na moja na kidogo.

Mrefu alikaa chini. Akaniambia, “Yaani hili jengo lote, na vitabu vyote, na yule dada wa maktaba anayetufokea, vyote vinazunguka?” Nikamwambia na wewe pia. Akashika sakafu kwa viganja viwili. Nilitaka kumcheka, nikajikuta na mimi nimeshika ngazi.

Tangu siku hiyo natembea tofauti. Nikisimama kwenye foleni ya chakula najua kwamba foleni nzima inazunguka. Mhadhiri msaidizi ametupa alama za juu kuliko jozi zote, na Mkuu wa Idara ameomba tuache tufe lilipo ili wageni waje walione. Mhadhiri wetu mwenyewe, ambaye tunamwita Mzee wa Kwa Nini kwa sababu halijui neno lingine, alikuwa safarini. Amerudi, ameisoma ripoti, amesema “Mmh.” Mrefu anasema hiyo kwake ni sifa.

Swali lako nimekaa nalo pia. Jibu nililonalo ni kwamba waya hauwezi kulisukuma tufe pembeni. Unaweza kulivuta juu tu. Kwa hiyo hakuna wa kuliamuru ligeuke na sisi. Lakini nikishamaliza kulisema hilo jibu, mshangao unabaki palepale.

Kopo lako je?

Mjukuu wako


25 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba, na hongera. Barua yako nimeisomea ngazini, kwa kuwa sasa huko ndiko ninakokaa.

Kopo langu linabembea. Nilipanga vipande vya domino kwa duara pale chini, kila kimoja kimesimama. Kopo hupita na kurudi katikati yao bila kuvigusa, na baada ya muda mfupi hukiangusha kimoja. Halafu kimya. Halafu kingine, jirani yake. Mama wa ghorofa ya tatu aliniuliza nani anayelisogeza kopo. Nikamwambia hakuna, ni vipande vya domino vinavyolifuata. Akaketi. Msimamizi alikuja kutuambia muda wa Jumapili umekwisha, akaona kipande kinaanguka, akavua kofia. Tangu hapo kila siku ni Jumapili. Yeye ndiye anayewafukuza watoto, na yeye ndiye mwenye saa.

Nimefanya kazi na maneno maisha yangu yote, na nimesoma watu wengi waliojaribu kusema kwamba dunia ni kubwa. Hakuna aliyeniambia kama kile kipande cha domino. Kilianguka bila haraka, kama mtu anayekubali jambo.

Sasa nikupe namba. Nimepima mara kadhaa. Kazi ya mikono ya mzee haikosi dosari, lakini ukishaondoa dosari ni digrii kumi na moja kwa saa, sawa na yako.

Sawa na yako, mjukuu wangu. Wewe huko, mimi huku, na vitu vyetu vinageuka pamoja kama mikono ya mtu mmoja. Nilipoiona namba yako juu ya karatasi nilicheka peke yangu. Kumbe sikuwa nawadanganya niliposema niko karibu. Nimempigia baba yako simu, nikamwambia, na yeye huwa hanisikilizi kwa muda mrefu, lakini safari hii alisikiliza. Nikamwambia: tuko chini ya dari moja, mwanangu, na imepimwa.

Bibi yako angependa kulijua hili.

Babu yako


10 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika. Mimi ni mzima. Mvua zimeanza mapema, paa la bweni linavuja juu ya kitanda cha mwenzangu, naye amehamia kwangu na mito yake yote. Mtihani wa hesabu umepita salama. Baba anakusalimu.

Nina haraka kidogo leo. Nitaandika.

Mjukuu wako


14 Machi

Babu,

Shikamoo. Nimeandika hii kabla hujajibu ile nyingine, kwa sababu ile nyingine haikuwa barua.

Namba yako ilinifurahisha kwa muda wa kupanda ngazi mpaka chumbani. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

Nieleze taratibu. Ukisimama kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, sakafu inakuzungusha palepale ulipo, duara zima kwa siku, digrii kumi na tano kila saa. Ukisimama kwenye ikweta, sakafu haikuzungushi kabisa. Inakubeba tu kuelekea mashariki, kama abiria. Kati ya ikweta na ncha, kila mahali pana fungu lake, na kadiri unavyokwenda kaskazini fungu linaongezeka. Kwa hiyo, Babu, mahali wewe ulipo na mahali mimi nilipo hapawezi kuwa na namba moja. Mmoja wetu amekosea.

Nilikaa nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mwezi wa kwanza. Sisi tuko chini ya ikweta, karibu sana nayo. Tufe letu linatakiwa ligeuke digrii moja kwa saa. Moja. Tena kwa upande wa pili, kinyume na mishale ya saa. Kitabu chetu kimeandikwa na watu wa nchi za baridi, wakaweka mfano wa kwao, nasi tukaulinganisha na ngazi zetu tukashangilia.

Sasa tufe letu liligeuzwa na nini? Nilipanda juu nikaikagua ndoano. Imelika upande mmoja, kwa hiyo waya unainama kirahisi huku kuliko kule. Halafu Mrefu alilisukuma kidogo alipoliachia, bila kujua. Tufe halikuwa likienda kwenye mstari ulionyooka, bali kwenye duaradufu nyembamba, kama yai lililobanwa, na yai la namna hiyo hugeuka lenyewe hata kama dunia ingesimama. Babu, hatukuiona dunia. Tuliiona ndoano mbovu ya feni, tukaishikia sakafu.

Nilimwambia Mrefu. Akaniangalia kama nimemuibia.

“Nani atahesabu?” akasema. “Jopo linataka kuona kitu kinageuka. Chetu kinageuka. Kuna watu vyao havijitikisi.”

“Kinageuka kwa uongo.”

“Alama tulizonazo si za uongo. Ukiondoa hii ripoti una nini mkononi? Una uhasibu.”

Nilikwenda kwa Mzee wa Kwa Nini. Nikaweka ripoti mezani, nikamwambia namba yetu si ya hapa. Hakuonekana kushtuka. Alifungua droo, akatoa karatasi ambayo alikuwa ameshaiandika.

“Kwa namba yenu,” akasema, “chuo hiki kiko mahali penye theluji. Nilikuwa najiuliza mbona hamji darasani na makoti.”

“Ulijua, Mwalimu?”

“Tangu ukurasa wa kwanza.”

“Ungetuambia lini?”

“Kwa nini niwaambie?” Halafu akalainika kidogo. “Ningewauliza mbele ya jopo. Sasa ondoeni hiyo ripoti. Mkipata nyingine kabla ya jopo, nitaisoma. Msipopata, hamna jaribio.”

Basi hatuna jaribio. Nimeiondoa.

Mrefu alininunia. Jana nilimkuta kule juu, ameikumbatia boriti, anafungua ndoano. “Usiseme kitu,” akaniambia, “nimekuja kuchukua waya wangu.” Lakini mfukoni alikuwa na kichwa cha drili, kile chenye meno ya kubana, alichokiomba kwa fundi wa maabara. Kinaushika waya sawasawa pande zote. Na kuanzia sasa hatutaliachia tufe kwa mkono. Tutalifunga ukutani kwa uzi wa pamba, tungoje litulie kabisa, halafu tuuchome uzi kwa kiberiti.

Nina ombi, na linaniuma kuliandika. Pima tena, Babu. Funga kwa uzi, uchome, upime, upime tena. Usiifikirie namba yangu, kwa sababu sina namba. Unitumie unachokiona, hata kikiwa na dosari zake zote.

Na nisamehe kwa ile dari moja.

Mjukuu wako


30 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Hakuna cha kusamehe. Kaa nikuambie mimi.

Kopo langu halikuwahi kugeuka digrii kumi na moja. Siku ya kwanza liligeuka kumi na mbili na nusu. Siku ya pili kumi na tatu. Siku nyingine kumi na mbili. Msimamizi anazo zote kichwani, na alinishangaa aliponisikia nikiisoma kwa sauti barua niliyokuandikia. “Mzee, mbona umesema kumi na moja?” Nikamwambia namba ya mjukuu wangu ndiyo sahihi, yeye yuko chuoni.

Fikiria kazi niliyoifanya. Mezani kulia muswada, kushoto prufu. Jicho linasoma muswada, linarudi kwenye prufu, na prufu ikitofautiana na muswada, prufu ndiyo yenye kosa. Hakuna anayeuliza kama mwandishi mwenyewe amekosea. Nililifanya hilo mpaka mgongo ukapinda. Barua yako ilipofika niliiweka kulia, na kopo langu nikaliweka kushoto. Nikasahihisha.

Na sikusahihisha kwa mazoea tu. Nilitaka zilingane.

Sasa nimepima kama ulivyoagiza. Mama wa ghorofa ya tatu ndiye mwenye uzi na kiberiti. Nilishusha waya, nikaufunga upya mpaka msimamizi akaridhika, na yeye haridhiki upesi. Uzi unapoungua kuna kitambo ambacho kopo halijaamini. Halafu linaondoka, halimtazami mtu. Tumerudia mchana baada ya mchana. Ninakutumia zote, pamoja na ile ya siku mtoto wa chini alipofungua mlango wa mtaani upepo ukaingia. Zikijumlishwa na kugawanywa zinakaribia kumi na mbili na nusu.

Nimefuata maelezo yako ya ncha na ikweta, nikamega mkate wa duara ili nielewe. Nimeelewa. Kumi na mbili na nusu katika kumi na tano. Kwa hiyo nimesogea sana kuelekea kule juu, na ninyi mmebaki kule chini, na wala si chumba cha pili. Nilikaa kwenye ngazi muda mrefu nikalitazama hilo kopo likiniambia, bila ubaya wowote, umbali ambao sikuwahi kuuandika.

Ajabu ni kwamba sikuhuzunika kama nilivyotegemea. Niliona haya kidogo. Halafu nikashangaa tena, upya, kama siku ya domino ya kwanza. Herufi kuukuu ndani ya kopo la rangi, na zinajua nilipo kuliko nilivyokuwa tayari kujua mwenyewe.

Zitumie kama zinafaa. Kama hazifai, zitupe, na uniambie jopo limesemaje. Silali vizuri kwa ajili ya hilo jopo.

Babu yako


3 Mei

Babu,

Shikamoo. Jopo limekaa jana.

Namba zako zilifika tukiwa tumeshakata tamaa. Tufe letu jipya lilikuwa tayari, waya umebanwa sawasawa, uzi unachomwa vizuri, na halikugeuka. Tunachora mstari, tunangoja saa nzima, linapita juu ya chaki ileile. Tukipima kwa makini sana tunaona kama limesogea kidogo kinyume na mishale ya saa, kama digrii moja, lakini makosa ya vipimo vyetu ni makubwa kama hiyo digrii yenyewe. Kwa hiyo hatukuweza kusema tumeona kitu. Mrefu alisema, “Tumejenga jaribio zuri la kuonyesha tufe linalobembea. Hata mtoto kwenye bembea analo.”

Kisha nikazifungua zako. Nikaziweka mezani kando ya zetu, nikamwita.

Jopo lilikuja ngazini, watu watano, na wanafunzi wamejaa kila ghorofa, wananing'iniza vichwa. Walikuwa wamesikia kwamba kuna kitu kinageuka. Mrefu akauchoma uzi. Tufe likaondoka. Muda ukaenda, likawa bado liko juu ya chaki. Juu kule wakaanza kunong'ona, halafu kuondoka.

Mkuu wa Idara akauliza, “Mwezi wa pili lilikuwa linageuka. Mmeliharibu?”

“Tumelitengeneza,” Mrefu akasema.

“Kwa hiyo mmetuita tuje tuone nini?”

Nikasema, “Tofauti.”

Nikawaeleza kopo lako. Nikaonyesha namba zako zote, na ile ya upepo nikaiacha ndani. Mhadhiri wa hesabu, mama mmoja asiyetabasamu, akauliza mpimaji wa pili ana mafunzo gani.

“Ni msahihishaji wa prufu. Amestaafu.”

“Na saa alisoma nani?”

“Msimamizi wa jengo.”

Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Halafu nikamwomba yule mama azichukue namba zako, afanye hesabu yeye mwenyewe, atuambie mpimaji anakaa latitudo gani. Alifanya hesabu kwa kalamu, amesimama, karatasi juu ya reli ya ngazi. Akataja namba. Mrefu akafungua atlasi, akaweka rula, akauvuta mstari mpaka upande wa pili wa ukurasa. Mji wako uko karibu kabisa na mstari, Babu, umekosewa kwa mwendo wa saa chache za treni.

Yule mama alivaa miwani yake nyingine, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. “Kwa kopo?” akauliza. Nikasema ndiyo, kwa kopo. “Bila kuangalia nje?” Bila kuangalia nje. Angekuwa amefungiwa kwenye shimo lisilo na dirisha, bado tungejua yuko umbali gani kutoka ikweta. Nilipolisema hilo nilisikia nywele zinanisimama, ingawa nilikuwa nimelisema mbele ya kioo asubuhi yote.

Mzee wa Kwa Nini hakuwa ameuliza kitu mpaka hapo. Akauliza, “Na huyu babu yako, kwa nini alikwenda kukaa kote huko?”

Nikasema, “Hakwenda, Mwalimu. Alipelekwa na mambo.”

Akaitikia kwa kichwa. Nadhani ni mara ya kwanza kumwona anaridhika na jibu.

Walisogea pembeni, wakazungumza. Mkuu wa Idara akarudi, akasema alama zetu hazitakuwa za juu, kwa sababu tumepoteza muhula mzima kwenye ndoano, na ni kweli. Kisha akasema mwaka wa tatu unaanza na somo la mwanga na tusichelewe. Mrefu aliniuliza mara mbili kama nimesikia kama alivyosikia.

Baba alikuwepo. Alisimama nyuma, na koti la kazini. Watu walipotawanyika alikuja kwenye atlasi, akaniuliza uko wapi hasa, nikamwonyesha. Akaweka kidole gumba hapa kwetu, akanyoosha kiganja kukufikia, hakikufika. Akaongeza mkono wa pili. Alikaa hivyo kidogo, mikono imelala juu ya ukurasa. “Alisema tuko chini ya dari moja,” akasema. Nikamwambia dunia inayozunguka ni moja, Baba, na saa inayopita ni hiyohiyo, ila yeye amesimama mahali ambapo kuzunguka kunaonekana. Hakuutaja uhasibu, na aliketi na mimi kwenye ngazi.

Tulibaki watatu, sisi na Mrefu. Tufe lilikuwa bado linakwenda, polepole zaidi, juu ya mstari wake. Wote waliokuja kuona kitu kinageuka walikuwa wameshaondoka, na mimi sikuwahi kuona kitu kizuri kuliko hilo tufe lisilogeuka. Lilikuwa linatuambia tuko wapi. Na nilijua kwamba kwako, saa ileile, kopo linaangusha domino, na kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili ambacho peke yake kingemwambia mtu chochote.

Uliandika kwamba ulitaka zilingane. Mimi pia nilitaka, siku ile napanda ngazi na barua yako mkononi. Lakini zingelingana, Babu, jana nisingekuwa na cha kuonyesha.

Mjukuu wako